Mwongozo Haufunguki: dalili, vyanzo na tiba ya faili za maelezo ya programu

Ninaandika miongozo ya watumiaji nikiwa Kisumu, kwa programu za hesabu za vyama vya ushirika, maduka ya dawa na shule. Programu ni moja, ila wasomaji hawafanani hata kidogo. Katibu wa chama cha maziwa huko Njoro ana kompyuta ya mezani yenye Windows 7, mwalimu wa Kakamega ana maabara nzima ya Ubuntu (aina ya Linux), mhasibu wa hapa mjini ana Mac, na makarani wa Bondo na Ahero wana simu za Android tu. Tena mtu hufungua mwongozo siku mambo yamemwendea kombo: risiti haitoki, malipo ya wakulima ni kesho, foleni imefika mlangoni. Mwongozo ukikataa kufunguka saa hiyo, umemtupa mkono. Kwa hiyo nimekuwa nikiandika daftarini kila simu ninayopigiwa kuhusu faili zenyewe, na malalamiko yanayorudi ni yale yale. Nimeyapanga hapa kwa maneno ya wanaopiga, na katika kila dalili chanzo kinachotokea mara nyingi kinatangulia.

Kabla ya kugusa chochote, uliza mambo matatu. Faili inafunguliwa kwenye kifaa gani? Ilifikaje hapo: kwa imeili, WhatsApp, au flashi? Na jina lake linaishia na herufi gani baada ya nukta? Swali la tatu huwashinda wengi kwa sababu Windows huzificha herufi hizo. Katika Windows 10, fungua folda, nenda kwenye menyu ya "View", kisha utie alama "File name extensions". Ikiwa jina lililoonekana "mwongozo.pdf" sasa linasomeka "mwongozo.pdf.exe", simama hapo hapo. Hiyo ni programu iliyojivika vazi la kitabu. Usiibofye, mwite anayesimamia kompyuta za ofisi.

"Fundi, kitabu kimefunguka lakini ukurasa ni mweupe"

Orodha ya sura inaonekana upande wa kushoto, upande wa kulia hakuna neno. Karibu kila mara faili hiyo ni ya CHM, muundo wa vitabu vya msaada ambao Microsoft iliutoa mwaka 1997.

Chanzo cha kwanza, na ndicho cha simu nyingi kuliko zote, ni kwamba faili ilitoka kwenye intaneti au imeili. Windows huitia alama ya kuwa mgeni na kuzuia kurasa zake zisionekane, bila kumweleza msomaji sababu. Bofya faili kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua "Properties", tazama chini kabisa kama kuna neno "Unblock", litie alama, kisha fungua tena.

Ikiwa neno hilo halipo, angalia faili imekaa wapi. CHM iliyo kwenye folda ya pamoja ya mtandao wa ofisi nayo huja nyeupe. Inakili kwenye kompyuta yenyewe. Halafu soma majina ya folda zote zinazoelekea kwenye faili. Alama ya # popote katika njia hiyo huiharibu CHM. Niliwahi kuzunguka siku nzima nikitafuta kosa katika kitabu ambacho kilikuwa kizima kabisa, kumbe muuza dawa alikuwa amekiweka kwenye folda aliyoiita "Duka #2". Mwisho, linganisha ukubwa wa faili na ule wa asili, maana bando likikatika katikati ya upakuaji huacha kitabu nusu.

Kwa anayetumia Ubuntu, CHM husomeka kwa programu kama Okular au xCHM. Mac haina kisomaji chake cha CHM. Dawa ya kudumu ni kukifungua kitabu na kutoa kurasa za HTML, yaani za kufunguliwa kwa kivinjari, zilizomo ndani. Katika Windows, andika amri hii kwenye dirisha la amri (Command Prompt):

`hh.exe -decompile C:\kurasa mwongozo.chm`

Kwenye Linux, `7z x mwongozo.chm` hufanya kazi hiyo hiyo.

Simama hapa: usibofye "Unblock" kwa faili ambayo humjui aliyeituma. CHM inaweza kubeba skripti, yaani amri zinazojiendesha, na wahalifu wameitumia hivyo. Na ukikutana na ushauri wa kubadilisha rejista ya Windows ili kuondoa kizuizi hicho kwa kompyuta zote za ofisi, mwachie msimamizi wa mtandao aamue. Mimi nimeacha kutoa CHM. Msomaji asilazimishwe kujifunza kufungua kufuli kabla hajafikia jibu.

"Majina ya watu yamegeuka maandishi ya ajabu"

Dalili hii hunisikitisha kuliko zote, kwa sababu huku kwetu ritifaa si pambo. Nyang'oma, Achieng', Ong'ayo, hata ng'ombe na ng'ambo katika Kiswahili, vyote vinaibeba. Mwanachama akifungua mfano wa risiti katika mwongozo na kuona "Nyang’oma", anaona programu isiyojua jina la kwao.

Takataka hizo zina maana ukizisoma vizuri. Ritifaa iliyopinda, ambayo Word huiweka yenyewe, huhifadhiwa kwa namba. Katika UTF-8, usimbaji (namna ya kugeuza herufi kuwa namba) unaotumika zaidi leo, ni namba tatu, yaani baiti tatu: E2, 80 na 99. Programu inayodhani faili ni ya usimbaji wa zamani wa Windows, yaani Windows-1252, husoma kila baiti kama herufi yake, nazo ni â, € na ™. Faili yenyewe ni nzima. Anayeisoma ndiye amekosea. Ukiona alama ya swali nyeupe ndani ya almasi nyeusi, mambo yamegeuka: faili ni ya usimbaji wa zamani na inasomwa kama UTF-8. Ukiona mlolongo mrefu zaidi, kama "’", faili imegeuzwa mara mbili. Na ukiona visanduku vitupu, usimbaji hauna kosa, ni fonti iliyokosa herufi hiyo.

Kwa hiyo anza na ukurasa wa HTML. Je, una mstari `<meta charset="utf-8">` mwanzoni kabisa? Unatakiwa uwe ndani ya baiti 1024 za kwanza. Wengine huuweka chini ya maelezo marefu ya hakimiliki, na hapo kivinjari kinaweza kuupita. Mstari ukiwapo na tatizo likabaki, uliza faili yenyewe. Kwenye Linux andika `file -i mwongozo.html`, kwenye Mac ni `file -I`. Ikijibu kwamba si UTF-8, igeuze, huku ukihifadhi nakala ya asili:

`iconv -f WINDOWS-1252 -t UTF-8 zamani.html > mpya.html`

Notepad ya Windows ilianza kuhifadhi kwa UTF-8 bila kuambiwa mwaka 2019 tu. Katika kompyuta za zamani lazima uchague mwenyewe kwenye dirisha la kuhifadhi, nazo huongeza baiti tatu za siri mwanzoni mwa faili. Baiti hizo hazidhuru ukurasa wa HTML, lakini huharibu mstari wa kwanza wa skripti ya Linux. Excel nayo huzihitaji: orodha ya wanachama ya CSV isiyo nazo, ikifunguliwa kwa kubofya tu, mara nyingi huvuruga majina hayo hayo.

Simama hapa: ikiwa herufi zimekwisha kuwa alama za kawaida za swali, ????, na mtu akahifadhi, zile za asili hazimo tena ndani ya faili. Usiendelee kuigeuza na kuihifadhi ukitumaini zitarudi. Weka faili kando, tafuta nakala ya awali, na kama ni daftari la wanachama, mwite aliyeunda programu kabla mtu mwingine hajaligusa.

"Nimenakili amri kama ilivyoandikwa, imekataa"

Aliyepiga hana kosa. Alinakili kile alichoonyeshwa, na alichoonyeshwa si kile mwandishi alichoandika.

Chanzo kikuu ni Word na ndugu zake. Zinapinda alama za kunukuu na kuunganisha vistari viwili kuwa kimoja kirefu, na kwa barua hilo ni jambo zuri. Kompyuta haielewi hivyo: `--help` ikawa –help, amri imekufa. Jaribio la haraka ni kumwambia msomaji afute alama za kunukuu na vistari, aviandike upya kwa kibodi yake. Ikikubali, umempata mkosaji. Zima marekebisho hayo ya kiotomatiki unapoandika amri, au bora zaidi, andika katika matini tupu. Hata hivyo matini tupu haikuokoi peke yake: Pandoc na Sphinx, zana za kugeuza matini kuwa kurasa, nazo hupinda alama zilizo katika sentensi za kawaida. Haziingilii kilichowekwa kama msimbo, kwa hiyo kila amri, hata ya neno moja, iwekewe alama ya msimbo.

Chanzo cha pili ni PDF. Amri ndefu hukatwa mwisho wa mstari, na ikibandikwa inakuwa amri mbili. Nadhani ni afadhali amri zote ziwe kwenye ukurasa wa HTML, na PDF iwe ya kusoma na kuchapisha.

Chanzo cha tatu kinahusu skripti iliyoambatishwa na mwongozo. Windows humaliza mstari kwa alama mbili zisizoonekana, CR na LF. Linux na Mac za leo hutumia LF pekee. Skripti iliyohifadhiwa Kisumu kwenye Windows ikipelekwa Kakamega kwenye Ubuntu hulia "bad interpreter" na kuonyesha ^M. Itibu kwa `dos2unix skripti.sh`, au kama programu hiyo haipo:

`sed -i 's/\r$//' skripti.sh`

Ikiwa mradi wako uko kwenye Git, programu ya kutunza matoleo ya faili, weka `*.sh text eol=lf` ndani ya faili ya `.gitattributes` na tatizo halitarudi.

Tatizo hilo lina pacha wake. Katibu wa Njoro alipofungua SOMA.txt kwenye Windows 7, maandishi yote yalikuwa mstari mmoja usio na mwisho. Faili ilikuwa na LF peke yake, na Notepad haikuielewa LF hadi mwaka 2018, katika Windows 10. Kwa sasa aifungue kwa WordPad. Wewe mtumie nyingine iliyopitia `unix2dos`.

Simama hapa: ikiwa amri inagusa hifadhidata, inaanza na `sudo` (mamlaka ya msimamizi), au ina `rm` (kufuta) ndani yake, msomaji asijaribu kuirekebisha kwa kubahatisha. Nafasi moja iliyohama katika amri ya kufuta inaweza kufuta folda nyingine. Apige simu.

"Picha hazionekani"

Muulize kwanza: uliifungua zipu, au uliingia tu ndani yake? Windows hukuruhusu kuchungulia ndani ya faili ya zipu kana kwamba ni folda. Ukibofya ukurasa wa HTML humo, unatolewa peke yake, bila picha wala mitindo. Bofya zipu kwa kitufe cha kulia, chagua "Extract All", ufungue kutoka kwenye folda mpya. Simu za picha nyingi huishia hapo.

Ikiwa picha zinaonekana kwenye kompyuta yako lakini si kwenye seva au Ubuntu ya mteja, angalia herufi kubwa na ndogo. Kwa Windows na Mac, kwa kawaida, Risiti.PNG na risiti.png ni faili moja. Kwa Linux ni mbili tofauti. Kisha angalia viungo: mkwaju uwe wa kulalia mbele, `picha/risiti.png`, maana `picha\risiti.png` ni lugha ya Windows. Na ukiona `C:\Users\` ndani ya kiungo, picha hiyo inatafutwa kwenye kompyuta yako na haitaonekana kwingine kokote.

Siku hizi kuna chanzo kipya: picha zilizopigwa kwa iPhone. Tangu mwaka 2017 simu hizo huweza kuhifadhi picha katika muundo wa HEIC, na vivinjari vingi havionyeshi. Zigeuze ziwe JPEG. Picha za skrini ziwe PNG, ambayo haififishi maandishi.

Majina yenyewe nimeyawekea sheria moja: herufi ndogo, tarakimu na kistari tu. "Sura ya 3: Malipo.html" ni jina halali kwenye Linux, lakini Windows inakataa nukta mbili, na pia `< > " / \ | ? *`. Kuna majina ambayo Windows imejihifadhia tangu enzi za DOS: con, prn, aux, nul. Ukiita faili ya kiambatisho `aux.md` kwenye Mac yako, mwenzako wa Windows hataweza kuuchukua mradi sawasawa.

"Jedwali limehama, kurasa zimeongezeka"

Hii ni DOCX, faili ya Word, iliyosafiri. Fonti ndiyo husababisha mara nyingi: Calibri na Cambria hazimo kwenye Ubuntu, na LibreOffice, inayofungua hati za Word huko, hutafuta mbadala. Sakinisha Carlito na Caladea, ambazo upana wa herufi zake umelinganishwa na hizo mbili, na sehemu kubwa ya hati itarudi mahali pake. Angalia pia ukubwa wa karatasi; Word nyingine huja zimewekwa Letter ya Marekani, wakati sisi tunachapisha kwenye A4.

DOCX na ODT (muundo wa LibreOffice) ni za watu wanaohaririana. Zote mbili ni viwango vya ISO, ODT mwaka 2006 na DOCX mwaka 2008, na hilo halizifanyi zionekane sawa kila mahali. Msomaji wa mwisho mpe PDF yenye fonti ndani yake. Hakikisha kwa `pdffonts mwongozo.pdf`: safu ya "emb" iseme "yes" kila mstari. Ikisema "no" kwenye fonti yenye ritifaa zako, rudi ukatoe upya. Kwa mwongozo ambao mkaguzi atauhitaji miaka kumi ijayo, chagua PDF/A, aina ya PDF ya kuhifadhi kwa muda mrefu, ambayo haikubali fonti ibaki nje.

Nimefika mahali pa kusema ninavyofanya sasa, kwa kuwa dalili hizi zote zimenisukuma huko. Mwongozo wa asili ninauandika mara moja katika Markdown, matini tupu ya UTF-8 inayofunguka kwenye kompyuta yoyote hata bila programu maalumu. Kutoka hapo Pandoc hunitolea vitu viwili: HTML na PDF. Mwongozo ukiwa mkubwa, wenye marejeo mengi kati ya sura na sura, AsciiDoc au reStructuredText, miundo mingine ya matini tupu, hubeba vizuri zaidi. Markdown ina lahaja nyingi, na jedwali linaloonekana sawa mahali pamoja huvunjika pengine. Kwa programu za terminali (dirisha la amri) kwenye Linux ninaongeza ukurasa wa `man`, msaada unaosomwa humo humo, maana anayefanya kazi huko atautafuta huko.

"Kwenye simu herufi ni kama sisimizi"

PDF ya A4 haijikunji kufuata skrini. Mpe karani HTML ya faili moja, yenye picha ndani yake:

`pandoc mwongozo.md --standalone --embed-resources -o mwongozo.html`

EPUB, muundo wa vitabu vya kielektroniki, pia hujikunja, ikiwa simu ina kisomaji. Na kama PDF ni karatasi zilizopigwa picha, mbali na kula bando, haitafutiki neno hata moja. Hiyo iandikwe upya.

"Viungo vinafungua orodha ya mafaili, na kutafuta hakufanyi kazi"

Ni tovuti ya mwongozo iliyonakiliwa kwenye flashi. Kurasa nyingi za aina hiyo, hasa zinazotolewa kwa zana ya MkDocs, hutarajia seva. Weka `use_directory_urls: false` kwenye mipangilio, utoe upya, na viungo vitafunguka. Utafutaji bado unaweza kugoma, kwa kuwa kivinjari huzuia ukurasa wa diski kusoma faili nyingine. Penye Python, ingia kwenye folda hiyo, andika `python3 -m http.server`, kisha ufungue `localhost:8000`. Penye mashaka, weka PDF kando yake kwenye flashi hiyo hiyo.

"Kitabu cha zamani kinaishia na .hlp"

Huu ni muundo wa kabla ya CHM. Windows Vista ilikuja bila kisomaji chake, na kwa Windows 10 Microsoft haikukitoa tena. Ukipata kompyuta ya Windows XP inayowaka, fungua kitabu humo na uchapishe sura unazozihitaji. Kukigeuza chote kunahitaji faili za RTF zilizokizaa, au zana ya kukifumua; hapo tafuta mtu aliyewahi kuifanya kazi hiyo, na umpe nakala, si diski ya asili.

"Folda ya mwongozo imekuwa njia ya mkato"

Flashi imetoka saiba, na kila folda sasa ina mshale mdogo pembeni. Hakuna muundo wa faili uliokosewa hapa, ni virusi. Usibofye njia hizo za mkato hata moja, kwa sababu kubofya ndiko kunakoviamsha. Mafaili yako kwa kawaida bado yamo, yamefichwa tu. Itoe flashi, usiichomeke kwenye kompyuta yenye hesabu za wanachama, na umpelekee fundi aisafishe kwenye mashine isiyo na kazi nyingine. Mwongozo nitakutumia upya kwa imeili.